Friza Ndogo Kasongo: Nani Anafaidi Baridi?

Friza ya sanduku ya lita 100, ile nyeupe yenye mfuniko wa juu, ikifika Kasongo, kusini mwa Maniema nchini Kongo, imeshakula barabara kuliko bidhaa nyingi za dukani. Ikiwa imeshushwa Dar es Salaam, itakuwa imepanda treni au lori mpaka Kigoma, ikavuka Ziwa Tanganyika, kisha ikashika njia ya magharibi kupitia Kabambare. Ndiyo njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Ujiji mpaka Kasongo na Nyangwe, siku za mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Ikiwa imetoka Lubumbashi, imekuja na treni ya SNCC, shirika la reli la Kongo, ambayo reli yake inapita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, kwa hiyo bado ina mto wa kuvuka. Kulikuwa na njia ya tatu, ndege ya Goma mpaka Kindu, halafu barabara ya zaidi ya kilomita 200 kushuka kusini. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na mzigo uliokuwa ukipita pale ukabidi utafute pengine.

Katika kipande cha mwisho cha safari, friza hulazwa ubavu juu ya lori au hufungwa nyuma ya pikipiki. Mafuta ya kompresa huhama mahali pake na kuingia kwenye mabomba. Mwenye nyumba, kwa furaha, huichomeka jioni ile ile mbele ya majirani, na kompresa inaweza kufa kabla haijagandisha hata glasi ya maji. Isimamishwe wima, ipumzike siku nzima, ndipo ichomekwe. Hilo ni la kwanza, na ni la bure.

Mengine yote yanagharimu. Benki ya Dunia inahesabu kwamba katika Kongo nzima ni mtu mmoja hivi kati ya watano anayepata umeme, na vijijini ni wachache mno. Kusini mwa Maniema anayetaka baridi nyumbani anajitengenezea umeme wake: paneli za sola, batri, au jenereta ya esansi. Kwa hiyo bei ya friza ni sehemu ndogo ya hesabu. Sehemu kubwa ni chakula chake, na friza hula usiku na mchana, Jumapili na sikukuu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji aupime njiani. Katika Kasongo, na zaidi Kabambare, friza ndogo inalipa inapopoza vinywaji na kugandisha maji ya kuuza. Anayeinunua ili ahifadhi nyama na samaki wa familia atailisha pesa mwaka mzima, na siku moja utaikuta imekuwa sanduku la unga. Kwa kutunza unga nayo ni nzuri, panya hawaingii.

Tuanze na ulaji wake. Friza mpya ya lita 100 kwa kawaida hula kilowati-saa karibu 200 kwa mwaka, yaani nusu kilowati-saa na kidogo kwa siku. Namba hiyo ya kwenye kibandiko hupimwa katika chumba cha majaribio, mfuniko umefungwa. Chini ya bati la Kasongo saa nane mchana joto linapita nyuzi 30 bila shida, na mfuniko unafunguliwa na kila mtoto anayepita. Weka basi kilowati-saa 0.7 au 0.8 kwa friza inayotunza tu vitu vilivyokwisha kuganda. Ukianza kuingiza maji mapya kila siku ili uuze barafu, lita 8 tu, ulaji unakaribia kilowati-saa moja na nusu.

Kwa nini maji yanakula hivyo? Kutoa lita moja kwenye nyuzi 27 mpaka iwe barafu ya nyuzi 10 chini ya sifuri kunahitaji kuondoa joto la kilojuli 468 hivi. Robo tu ya kazi hiyo ni kuyapoza mpaka sifuri. Sehemu kubwa, kilojuli 334, ni kule kugeuka kutoka maji kuwa barafu, wakati kipimajoto hakishuki hata nyuzi moja na mwenye friza anaona kama kifaa kimelala. Wako wanaoacha maji kwenye mtungi usiku kucha yapoe kwanza. Si vibaya, lakini kuyashusha nyuzi 5 kunapunguza kazi kwa chini ya asilimia 5. Kuweka maji yaliyochemshwa yakiwa bado ya moto, hapo ndipo hasara ya kweli ilipo.

Na hapa nawatetea watoto kidogo. Hewa yote iliyomo katika sanduku la lita 100 ina uzito wa gramu 130 hivi, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, mfuniko wa juu ukifunguliwa nyingi hubaki chini. Lita moja ya maji vuguvugu inailemea friza kuliko mfuniko kufunguliwa na kufungwa upesi mara 20. Mama anayegombeza watoto kutwa nzima, kisha jioni anatumbukiza ndoo nzima ya juisi ya moto, amewaonea.

Sasa tuingie kwenye jenereta, kwa sababu ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ile ndogo maarufu, Tiger na ndugu zake, hunywa karibu nusu lita ya esansi kwa saa hata ikiwa na mzigo mdogo. Kompresa ya friza ndogo inataka wati 90 hadi 100 tu, ambazo kwa jenereta ni kama hakuna kitu; esansi inaishia kuzungusha injini yenyewe. Ukiiwasha masaa kumi utachoma lita 5, na utapata lita mbili tatu za barafu. Kwa vifuko vya nusu lita, hivyo ni vifuko vitano hivi. Uende sokoni uulize bei mbili: lita moja ya esansi, na kifuko kimoja cha barafu. Kama kifuko kimoja hakifikii bei ya lita moja, unawalipa wateja wakusaidie kunywa barafu. Katika mji ambao esansi inafika kwa mapipa juu ya barabara mbovu, najua jibu litaegemea wapi.

Kuna hali moja tu inayobadilisha hesabu hiyo. Ikiwa jenereta inawaka kwa kazi nyingine iliyokwisha kulipiwa, kama kuchaji simu za mtaa, saloni ya kunyoa, ukumbi wa kuonyesha mpira, au mashine ya kutoa fotokopi, basi wati 100 za friza zinapita karibu bure. Ndiyo sababu baridi ya jenereta inayodumu huwa ni ya mwenye duka au mwenye baa, na mara chache sana ya mtu wa nyumbani.

Sola inasema lugha nyingine. Kasongo ipo nyuzi 4 na kitu kusini mwa Ikweta. Siku hazipishani sana kwa urefu, jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Mtu mwangalifu hupanga kwa masaa manne na nusu ya jua kamili kwa siku, akijua kwamba kati ya Oktoba na Aprili mawingu yatamnyang'anya baadhi. Kwa friza ya kutunza tu, paneli za wati 300 zinatosha. Kwa friza inayogandisha lita 8 kila siku, jumla ifike wati 500, pamoja na batri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 kwa ajili ya usiku, na inverta ya wimbi safi isiyopungua wati 800. Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa nukta chache, na inverta dhaifu hulia na kuzima hapo hapo. Muuzaji atakuambia inverta ya wati 300 inatosha kwa friza ya wati 100. Mwambie aichomeke mbele yako, izimwe, ipumzike dakika tano, iwashwe tena. Ile mara ya pili ndiyo mtihani.

Batri ndiyo inayoua watu. Ile ya ampea-saa 200 imeandikwa kilowati-saa 2.4, lakini batri ya risasi na asidi haitakiwi kunyonywa chini ya nusu, kwa hiyo una kilowati-saa 1.2. Joto nalo linaila: kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 hukata umri wake karibu nusu. Batri iliyokaa kwenye chumba kile kile kinachopashwa moto na friza, chini ya bati, haizeeki vizuri. Ndani ya miaka mitatu hivi utainunua nyingine, na hiyo nayo itapanda lori lile lile la Kabambare. Za lithiamu hudumu mara kadhaa zaidi, kwa bei yake.

Hapa lipo funzo ambalo mji wenyewe umelishika kwa muda mrefu, upande wa hospitali. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp iliendesha Mradi wa Kasongo, na mwaka 1981 jarida la Lancet likachapisha utafiti wa timu hiyo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Utafiti ule ulizusha mabishano makubwa kati ya madaktari wa dunia, na jina la Kasongo likaingia vitabuni. Nyuma ya mabishano kulikuwa na jambo la jikoni kabisa: chanjo ya surua lazima ikae kwenye baridi tangu kiwandani mpaka mkononi mwa mtoto. Kwa vituo vya afya vya Afrika vya wakati ule visivyo na umeme, frigo ya mafuta ya taa ndiyo iliyobeba kazi, yenye utambi na mwali mdogo chini yake. Ufundi wake ulitoka kwa Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922: moto unaifukuza amonia kutoka kwenye maji, inapoa na kuwa kimiminika, na ikigeuka mvuke tena inavuta joto. Haina kompresa wala kelele. Lakini utambi usiposafishwa hufuka moshi, frigo ikiinama kidogo haifanyi kazi, na mafuta yakiisha chanjo inaharibika.

Kuanzia miaka ya 2010 vituo vya afya vilianza kupokea frigo za sola za aina mpya, zisizo na batri hata moja. Paneli inaendesha kompresa moja kwa moja wakati wa jua, kompresa inagandisha maji yaliyozungushwa ndani ya kuta, na usiku barafu hiyo ndiyo inayotunza chanjo. Wahandisi waligundua kwamba kinachoangusha frigo za vijijini ni batri, wakaiondoa. Mtu wa nyumbani hawezi kununua frigo kama hizo kwa urahisi, lakini akili iliyozibuni anaweza kuiiga bila kumwomba mtu ruhusa.

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya zile kilojuli 334 ilizonyang'anywa. Chupa kumi za lita moja zilizoganda, zikiachwa ubavuni mwa friza iliyofungwa, zinabeba baridi ya kutosha kuivusha usiku mzima na sehemu ya kesho, umeme ukiwa umekatwa kabisa. Ukitia gramu 100 za chumvi katika kila lita, maji hayo yataganda na kuyeyuka kwenye nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, na samaki aliye kando yake atabaki mgumu badala ya kulegea. Chupa hizo haziuzwi wala hazinywewi; zitiwe alama. Gharama yake ni chupa tupu na kilo moja ya chumvi.

Lakini friza ya lita 100 inayofanya kazi mchana tu, masaa tisa, itajilinda yenyewe na kutoa lita mbili tatu za barafu, basi. Kompresa yake ni ndogo mno. Anayetaka kuuza barafu bila kuwa mtumwa wa batri afadhali achukue friza ya lita 200, yenye kompresa ya wati 150, aongeze paneli, abaki na batri ndogo ya kusaidia kuwasha. Mchana mmoja wa jua zuri itampa lita 6 hivi, karibu sawa na ile ndogo inayohangaika mpaka usiku wa manane. Paneli hudumu miaka zaidi ya 20. Pesa iliyotoka kwenye batri ikaingia kwenye paneli haijapotea. Kwa hiyo wale wanaochagua friza ndogo kabisa kwa kudhani wanabana matumizi, mara nyingi wamebana mahali pasipostahili.

Sasa soko. Kasongo ni mji wa Waislamu wengi, kitovu cha Uislamu wa Kongo tangu karne ya 19, na mwezi wa Ramadhani barafu inatafutwa kama dawa. Hesabu ya jua na hesabu ya futari zinakutana vizuri: friza inakula jua lote la mchana, na wateja wanakuja kuanzia saa kumi jioni, wote kwa pamoja, kila mmoja akitaka kifuko cha kutia kwenye juisi kabla ya magharibi. Nje ya Ramadhani kuna harusi, matanga, siku za mpira, na kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Lakini dari ya biashara haisogei: lita 8 kwa siku ni vifuko 16 vya nusu lita. Wanaopanga kununua friza kwa mkopo wa likelemba, yaani upatu, waanze na namba hiyo.

Kuna biashara nyingine yenye akili zaidi, nayo ni kupoza tu. Chupa kubwa ya bia au soda, kutoka joto la chumba mpaka nyuzi 5, inahitaji kilojuli 75 hivi pamoja na kioo chake. Nguvu inayogandisha kifuko kimoja cha nusu lita inapoza chupa tatu. Tofauti ya bei kati ya Primus ya moto na Primus ya baridi kila mwenye baa anaijua. Hatari ni kusahau: chupa iliyoachwa usiku katika friza hupasuka, na hasara ya chupa moja inameza faida ya nyingi.

Kwa familia inayotaka kutunza chakula chake tu, ushauri wangu utawashangaza wauzaji: msiitumie kama friza. Sombe iliyopikwa, maziwa ya mtoto, wali wa jana, nyama ya kesho, vyote hivyo vinataka nyuzi 4 juu ya sifuri, si 18 chini yake. Kuna themostati ndogo ya nje, yenye waya wa kupimia unaoingizwa ndani ya sanduku. Inakata umeme friza ikifika nyuzi 3 au 4. Mwaustralia Tom Chalko alieleza mwaka 2005 jinsi alivyogeuza friza ya sanduku namna hiyo na kupata ulaji wa kilowati-saa 0.1 kwa siku. Kwa joto letu huenda ikawa mara mbili au tatu ya hapo, na bado paneli moja ya wati 150 inaimudu. Ubaya wake ni unyevu unaokusanyika chini. Ufutwe kila siku mbili tatu kwa kitambaa.

Na nyama nyingi, au samaki wa Lualaba waliovuliwa kwa wingi? Barafu inashindwa hapo. Katika nchi za joto kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu kwenye sanduku zuri, kwa hiyo friza nzima inayotoa lita 8 za barafu kwa siku inaokoa kilo 8 za samaki, mzigo wa mvuvi mmoja asubuhi mbaya. Moshi unaokoa mtumbwi mzima, na samaki wa moshi anasafiri mpaka Kindu bila kuomba umeme wa mtu. Ndagala wa Tanganyika wanaopanda kutoka upande wa Fizi wamekaushwa na jua, na hakuna anayewaonea huruma. Sioni sababu ya kuuita ufundi huo wa zamani kana kwamba umepitwa. Kwa umbali na barabara zetu, ndio wenye akili.

Gharama moja haiandikwi popote, nayo ni ujirani. Friza ikiingia mtaani inakuwa ya mtaa. Saa kumi na moja jioni mlango unagongwa: "Mama Salima, shikamoo. Unisaidie kuniwekea kasamaki kangu mpaka kesho." Mama Salima atajibu nini? "Marahaba, mwanangu. Weka, lakini ufunge vizuri katika sashi." Siku ya Idi ya kuchinja wanakuja kumi, kila mmoja na nyama yenye joto la mnyama bado. Friza ya lita 100 imeundwa kugandisha kilo chache tu kwa siku. Ikijazwa kilo 30 za nyama ya moto, katikati ya rundo patabaki vuguvugu mpaka kesho yake, na hapo ndipo nyama inapooza huku ya juu imeganda. Kumkatalia jirani ni aibu. Njia nzuri ni kuweka kanuni mapema, kabla ya sikukuu: kila nyumba kilo mbili, zimekatwa vipande vyembamba, zimepoa kwanza kivulini, na mchango mdogo wa batri. Watu wanakubali kanuni iliyotangazwa. Wanachochukia ni kukataliwa mlangoni.

Usalama wa chakula wenyewe una mambo mawili yanayosahaulika. Barafu haiui vijidudu. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika nchi za kandokando ya Tanganyika na Lualaba, na maji machafu yakigandishwa yanabaki machafu, sasa yakiwa na sura safi zaidi. Maji ya barafu yachemshwe, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yafungwe. Pili, umeme ukikatika usiku ukarudi alfajiri, asubuhi kila kitu kimeganda tena na hujui kilichotokea. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu au kokoto juu ya barafu yake, ukiache ndani ya friza siku zote. Ukikuta sarafu imezama chini, chakula kiliyeyuka kikaganda upya. Kwa samaki wa aina ya kibua, yule anayeuzwa Lubumbashi kwa jina la thomson, hilo ni kubwa: akikaa kwenye joto hujenga sumu ya histamini, na sumu hiyo haiondoki hata umpike masaa mawili.

Dawa za hospitali zisiingie humo kabisa. Insulini ikiganda imekufa, na chanjo kadhaa, ya pepopunda ikiwa mojawapo, huharibika kwa kugandishwa kama zinavyoharibika kwa joto.

Kuhusu vifuko vya plastiki: serikali ilipiga marufuku kuvitengeneza, kuviingiza na kuviuza kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, na kila mtu anaona bado vipo. Chupa ndogo zinazorudishwa ni bora, zinaoshwa na hazitapakai mitaroni.

Mahali pa kuiweka friza pana thamani ya paneli nzima. Katika nyumba nyingi friza inakaa sebuleni, mahali pa heshima, imevikwa kitambaa cha kufumwa mpaka magotini, juu yake televisheni na maua ya plastiki. Friza nyingi ndogo hazina yale mabomba meusi ya mgongoni. Joto hutokea kwenye kuta zake zenyewe, ndiyo maana ukizigusa ni za moto. Kuivika kitambaa ni kumfunika blanketi mtu mwenye homa. Ivuliwe, isogezwe sentimita 15 kutoka ukutani, iinuliwe juu ya matofali, iwekwe chumba cha kivuli chenye hewa inayopita. Mpira wa mfuniko upimwe kwa noti: ifungie noti ya faranga 500 kwenye mfuniko, uivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatoka hapo. Na barafu nyeupe ya ukutani ikifika unene wa kidole, friza izimwe, barafu iyeyushwe. Atakayeichokonoa kwa kisu siku moja atatoboa bomba.

Akishatoboa, kazi ni ngumu. Friza mpya nyingi zinatumia gesi ya R600a, isobuteni, ndugu wa gesi ya kupikia, na humo ndani kuna makumi machache tu ya gramu. Inashika moto, na inataka fundi mwenye mizani na pampu ya kunyonya hewa. Fundi wa mtaani mara nyingi ana mtungi wa R134a wa magari, ataujaza huo, na friza itafanya kazi vibaya mwezi mmoja kisha itakufa. Friza kuukuu kutoka Ulaya huwa rahisi zaidi kutengeneza lakini hula umeme mara mbili. Kwa mtu wa sola huo ni msiba wa bei rahisi. Kabla ya kununua, tafuta kwanza fundi aliye Kasongo au Kindu anayeijua R600a. Kama hayupo, ujue unanunua kitu kisicho na daktari.

Kindu huenda ikabadilika kabla yetu. Mwaka 2023 kampuni ya Nuru, iliyojenga kituo cha sola cha megawati 1.3 Goma mwaka 2020, ilipata mtaji wa kujenga vituo vingine, na Kindu ilikuwa kwenye orodha. Siku umeme wa namna hiyo utakapofika Kasongo, nusu ya hesabu zilizo hapa zitafutika na friza ya kuhifadhi nyama itakuwa jambo la kawaida kama redio.

Mpaka siku hiyo, mwenye pesa ya friza peke yake asinunue friza. Anunue paneli kwanza, achaji simu za watu mwaka mmoja, ndipo aongeze sanduku. Mwenye pesa ya vyote, na mahali pa kuuza vinywaji, anunue, achukue ya lita 200 badala ya 100. Na wewe uliye Dubai, Guangzhou au Lubumbashi unayetaka kumfurahisha mama yako aliye Kabambare: mtumie paneli mbili, inverta nzuri na ile themostati ndogo ya nje kabla hujamtumia friza, na jina la fundi uandike kwenye karatasi ile ile ya mzigo.